Mzee wa Vyumba Tisa

Kwanza namkumbuka kwa mgongo. Nikifumba macho sasa hivi sioni uso wake. Naona mgongo mrefu ulioinama juu ya kitanda, shati jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama ganda la kitunguu, na dirisha lililo wazi nyuma yake likiingiza ukungu wa asubuhi kutoka mtoni. Ukungu ule ulikuwa ukiingia chumbani bila haraka, ukazunguka miguu ya kitanda, hata ungedhani mzee anatandika juu ya wingu. Mikono yake ilipita juu ya shuka kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama mtu anayempapasa ndama aliyeshtuka.

Tulimwita Mzee wa Vyumba. Jina alikuwa nalo, lakini hata mwenye nyumba hakulitumia. Sikuwahi kumuuliza ukoo wake wala alizaliwa upande gani wa tambarare. Nilijua tu kwamba ni Muorma, kwamba aliwahi kuwa na ng'ombe, kwamba ukame mmoja uliwamaliza, na kwamba baada ya hapo alikwenda pwani kwa miguu na kufanya kazi miaka mingi katika hoteli ya wazungu. Alirudi Garsen na ujuzi ambao hakuna Muorma mwenzake aliyeutamani: alijua kutandika kitanda.

Wakati huo Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, hoteli ilikuwa mahali pa chai na chapati. Mahali pa kulala paliitwa lojingi. Yetu ilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi: vyumba tisa vya mabati vilivyozunguka ua wa mchanga, tangi la maji, mwarobaini mmoja, na kamba za nguo zilizopita kila upande, hivi kwamba siku ya kufua uliweza kutembea ua mzima bila kuona mtu, shuka tu, nyeupe, zikivuta na kutoa pumzi. Nimefanya kazi tangu hapo katika majengo yenye lifti na mazulia. Ndotoni bado napotea katikati ya shuka zile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikunifikisha chuo cha ualimu, nikaja kutoka kijijini kwetu Wema kukaa kwa shangazi yangu hadi nijue la kufanya. Mwenye lojingi alikuwa mama mnene wa Kipini ambaye mji wote ulimwita Bi Mkubwa. Nilipoingia kuomba kazi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

“Ndoo nikuone mikono,” akaniambia kwa Kiswahili chao cha pwani ya juu.

Nikaja, nikamnyoshea. Akaigeuza kama anayenunua samaki.

“Mikono ya jembe hii. Haya. Shuka hazitakushinda. Nenda kwa mzee yule, vyumba ni vyake. Mimi nina mlango tu.”

Mzee aliniangalia, akanipeleka chumba namba nne, akafungua mlango.

“Unajua kutandika?”

“Najua.”

“Tandika.”

Nikatandika. Nilikuwa nimetandika tangu utoto wangu; sikuona kuna jambo gani. Alisimama akakitazama kitanda muda mrefu, akakizunguka, kisha akashika shuka kwa vidole viwili na kuivuta yote ikaanguka chini.

“Hii umefunika,” akasema. “Bado kutandika.”

Nilikitandika kitanda kile kimoja mpaka adhuhuri. Kila mara aliivuta shuka. Hakupandisha sauti, hakunionyesha kosa. Mwishoni nilikaribia kulia nikamuuliza tofauti ni nini, kwani si kitu kimoja?

“Kufunika ni ya maiti,” akajibu. “Kutandika ni ya mtu anakuja.”

Kiswahili chake kilikuwa hivyo, cha kuokotwa njiani, ngeli zimepinda, lakini nimekaa katika semina nyingi za hoteli zenye wakufunzi waliovaa tai, na sijasikia kazi yangu ikielezwa vizuri zaidi.

Mtu huyu aliyetandika vitanda vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona hakulala kitandani. Alikuwa na ngozi ya ng'ombe stoo, katikati ya ndoo na sabuni za miche, na hapo ndipo alipolala miaka yote. Bi Mkubwa alishampa chumba namba tisa mara kadhaa. Alikataa.

“Kitanda inanimeza,” aliniambia. “Naamka sijui niko wapi.”

Basi nilimwona mara nyingi akiwa amesimama mlangoni mwa chumba alichokwisha kukitandika, anakitazama kwa raha ambayo hakuihitaji mwenyewe.

Wanaume wenzake walimcheka. Siku za mnada wachungaji walipita mbele ya lojingi na fimbo mabegani, wakapaza sauti kwa Kiorma, na ingawa sikuelewa maneno nilielewa kicheko. Yeye aliendelea kuning'iniza foronya. Mara moja tu nilimwona akijibu, na alijibu kwa kazi. Rika lake mmoja, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikwama mjini kwa sababu ya homa na hakuwa na pa kulala. Akaingia uani, akamtazama Mzee wa Vyumba mwenye shuka begani, akatema mate kando. Mzee wetu akaishusha ile shuka begani. Akampeleka namba mbili, akafungua dirisha, akatandika mbele ya macho yake, akashusha chandarua, akaweka maji ya kunywa kwenye kopo lililofunikwa kwa sahani, akatoka. Yule mgeni alilala siku mbili. Siku ya tatu alipona kabisa, jua lilipanda, na bado hakutoka. Mzee akabisha mlango. Kutoka ndani tukasikia sauti ya usingizi ikisema kitu kwa Kiorma, na Mzee wa Vyumba akarudi kwetu akiwa anajizuia kucheka.

“Amesema nini?” Bi Mkubwa akauliza.

“Anauliza kama siku nyingine anaweza kuja bila homa.”

Alisoma vyumba kama wengine wanavyosoma barua, yeye ambaye herufi hazikumfungukia hata moja. Aliweza kuingia baada ya mgeni kuondoka, akasimama katikati, akaniambia mtu yule alikuwa na njaa, au ana kesi, au anaoa. Nilimdhihaki mwanzoni. Kisha akanifundisha kuona: mto uliokunjwa mara mbili, kiti kilichosogezwa kikatazama mlango, kibiriti kilichowashwa njiti moja moja na kuzimwa. Kuna asubuhi tulimkuta mama mmoja wa makamo amekwishaondoka na basi la Hola, na kitanda chake hakikuguswa. Alikaa kwenye kiti usiku kucha. Nguo ya kiti ilikuwa bado na joto. Niliona tumeokoa kazi, nikageuka kutoka.

“Badilisha,” Mzee akasema.

“Lakini ni safi. Hakulala.”

“Mtu amekaa hapa na shida yake mpaka asubuhi. Badilisha yote.”

Nikabadilisha. Sikuelewa, nilihisi tu kwamba chumba kilikuwa chepesi zaidi tulipofunga mlango.

Baba yangu alikuja kunichukua mwezi wa tatu wa kazi. Huko Wema habari ilikuwa imefika kwamba nimehama kwa shangazi na sasa nalala lojingi, na wala hakuhitaji kuambiwa zaidi. Neno lenyewe lilitosha. Msichana wa lojingi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa mpunga na ndizi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alisimama katikati ya ua na kofia mkononi, na shuka zikawa zinampiga uso kwa upepo.

“Chukua vitu vyako,” akaniambia. “Tunarudi.”

Kabla sijajibu Mzee wa Vyumba alitokea kutoka nyuma ya kamba.

“Karibu, bwana,” akamwambia baba. “Umetoka mbali?”

“Wema.”

“Basi imekwenda. Hakuna nyingine mpaka kesho. Utalala hapa.”

“Nitalala kwa dada yangu.”

“Dada yako iko kila siku,” Mzee akasema. “Hapa utalala leo.”

Sijui kwa nini baba alikubali. Labda ni adabu tu. Hakuzoea kumkatalia mtu mzima mwenzake mbele ya mtoto. Mzee aliniamuru nitandike namba moja, chumba chetu bora, kisha yeye mwenyewe akambebea baba ndoo ya maji ya moto hadi bafuni, akamwekea kipande kipya cha sabuni na taulo. Baba alitembea nyuma yake. Nilifahamu kitu wakati ule nikiwa nimesimama na foronya mkononi: baba yangu, katika umri wake wote, hakuwahi kuwa mgeni wa mtu asiye ndugu yake. Hakuna aliyewahi kumtayarishia kitanda kwa sababu tu amefika.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya namba moja anafunga viatu.

“Kile kitanda ulitandika wewe?” akauliza.

“Ndiyo, baba.”

“Mm.”

Akafunga kiatu cha pili. Akasimama, akavaa kofia, akamtafuta Mzee kwa macho, wakapeana mikono kwa muda mrefu. Kisha akaondoka kwenda kwenye basi, na vitu vyangu vikabaki mahali pake. Wema yote ilisikia baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwamba binti yake anafanya kazi ya kupokea watu.

Nisije nikamchora mtu asiye na doa. Mzee wa Vyumba alikuwa na majivuno. Alipaka viatu vyake rangi kila siku, viatu vyeusi vya ngozi alivyopewa huko pwani, na ukimkanyagia kwa bahati mbaya alikununia hadi siku ya pili. Alijifukiza udi kabla ya kwenda msikitini kiasi cha harufu kumtangulia njiani. Alimdharau mpishi wetu waziwazi, akidai kazi ya jikoni ni kelele. Na alikuwa mwongo. Alidanganya wageni kila siku kwa uso mtulivu kabisa, na siku zote uongo wake ulikuwa mmoja: barabara. Mgeni akiuliza kama basi la Lamu litapita, kama askari wa kusindikiza wamepatikana, kama gari lililokwama limetolewa, Mzee alijibu, “Kesho.” Alijua si kesho. Nilimkabili siku moja.

“Mzee, kwa nini unawadanganya?”

“Nikimwambia ni juma mbili, atalala?”

“Hatalala.”

“Kazi yangu ni alale.”

Tena alikuwa mwoga wa maji. Hakuyaogopa ya ndoo. Aliyaogopa ya mto. Alizaliwa karibu na Tana, akalisha ng'ombe kandokando yake, na bado hakukaribia ukingo kama angeweza kukwepa. Sisi Wapokomo tuliozaliwa miguu ikiwa majini tulimwona kichekesho. Nilimuuliza anachoogopa, mamba au viboko.

“Mamba ina uso,” akasema. “Maji haina uso. Utajuaje imekasirika?”

Nilikumbuka maneno hayo mvua zilipokuja mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba.

Hata sasa siwezi kusimulia mafuriko yale bila kuona kwanza uzuri wake, Mungu anisamehe. Maji yalikuja bila ghadhabu. Yalipanda usiku na mchana, yakafunika mashamba, yakafunika barabara, mpaka asubuhi moja tulitoka nje ya mji tukaona mbingu mbili, moja juu na moja chini, na vichwa vya minazi na miembe vimesimama katikati kama watu wanaongoja kuitwa. Korongo weupe walitembea mahali palipokuwa na njia ya kwenda Wema. Palikuwa kimya. Chini ya kimya kile kulikuwa na kila kitu cha nyumbani kwetu.

Mabasi mawili yalikuwa yamekwama Garsen. Abiria wake walijaa vyumbani, wakajaa barazani, wakalala kwa zamu. Kila siku waliuliza, na kila siku Mzee wa Vyumba alisema, “Kesho.” Na kila asubuhi alinigongea mlango na kusema maneno yaleyale: “Namba nne.” Tulifua kwa maji ya mvua, tukakausha shuka ndani juu ya moshi wa kuni, tukatandika vitanda ambavyo vilikuwa vinalaliwa na watu watatu watatu.

Mimi sikuwa na habari ya nyumbani. Watu waliofika kwa mitumbwi walisema vijiji vya bonde vimekwenda, wengine wakasema watu wamepanda juu, wengine walitikisa kichwa tu. Kila alasiri nilikwenda mwisho wa mji nikasimama palipoanzia maji, nikatazama upande wa Wema mpaka macho yakauma. Siku ya tisa nilirudi nikamkuta Mzee ananingojea na lundo la foronya.

“Namba nne bado,” akasema.

Nilimtupia foronya zile kifuani. Mbele ya wageni wote.

“Watu wangu wamekufa na wewe unaniambia mambo ya namba nne! Huna moyo? Ng'ombe wako walipokufa ulikuwa unatandika?”

Bi Mkubwa aliziba mdomo. Mzee aliokota foronya moja moja, akazikung'uta.

“Umewaona wamekufa?” akauliza.

“Sijawaona.”

“Basi hujui,” akasema, akaenda kutandika namba nne mwenyewe.

Siku iliyofuata hakunigongea. Nilidhani amenikasirikia. Stoo ilikuwa tupu, viatu vyake havikuwepo. Nilimuuliza Bi Mkubwa, akasema, “Ametoka. Vyumba vyote tisa ni vyako yeo, mwanangu,” na hakunitazama usoni. Nilifanya kazi siku hiyo na siku ya pili kwa hasira, nikimlaani kimoyomoyo, mzee mwenye kinyongo aliyekwenda kukaa kwa ndugu zake wakati sisi tumezama.

Alirudi alasiri ya siku ya pili. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa maji, nguo zimelowa hadi kifuani, viatu vyake vyeusi vimefungwa kwa kamba na kuning'inia shingoni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Alisimama mbele yangu akishikilia nguzo ya baraza.

“Mama yako iko,” akasema. “Baba iko. Watoto wanne, nimehesabu mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Wako kwenye tuta, pale juu karibu na shule. Nyumba imekwenda. Mihogo imekwenda. Watu hawajakwenda.”

Nami nikaishika nguzo ileile.

“Baba yako anasema usirudi sasa. Hakuna mahali ya kukanyaga. Anasema ufanye kazi.”

Kisha akauliza, “Namba nne umetandika?”

“Nimetandika,” nikasema, na machozi yalikuwa yananitiririka hadi kidevuni.

Akaenda kutazama. Nilisikia hatua zake zenye maji kwenye sementi, nikasikia mlango, nikasikia kimya, kisha shuka ikivutwa.

“Umefunika!” akaita kutoka ndani.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, watu wote barazani wakanitazama kama mwehu, nikaenda nikatandika.

Mpiga kafi aliyempeleka, kijana wa kwetu, ndiye aliyenieleza baadaye. Alisema mzee alishika mbavu mbili za mtumbwi tangu wanaondoka mpaka wanafika, amefumba macho, anasoma dua kwa sauti kubwa hivi kwamba ndege waliruka mbele yao njia nzima. Hakufumbua hata walipopita juu ya shamba letu. Kijana alimwuliza kwa nini hakutuma mtu mwingine aende. Mzee alimjibu kwamba mwingine angeleta habari ya kusikia.

Mimi na yeye hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Nilikaa naye karibu miaka miwili baada ya hapo. Maji yalikauka, udongo ukapasuka, nyasi zikarudi za rangi ya kijani ambayo sijaiona tena. Nilimsomea kitabu cha wageni, akanifundisha kusikiliza chumba. Kisha mama mmoja wa Malindi, msimamizi katika hoteli kubwa ya ufukweni, alilala kwetu basi lake lilipoharibika. Asubuhi alituita, akanyoosha kidole kitandani.

“Nani ametandika hiki?”

Mzee akaninyoshea kidole mimi. Mama yule akasema kwao wanatafuta watu, nije na barua ya mwajiri.

Sikutaka kwenda. Nilimwambia Mzee mchana ule tukikunja shuka, yeye ncha zile na mimi ncha hizi, tukikaribiana na kuachana kama tunavyofanya siku zote.

“Nani atakusomea kitabu?”

“Nitakumbuka.”

“Mimi napapenda hapa.”

“Hapa kuna vyumba tisa,” akasema. “Wewe umemaliza vyumba tisa.”

Bi Mkubwa alisema barua aandike mzee, maana ndiye aliyenifundisha. Na kwa kuwa mzee hakujua kuandika, ilinibidi niandike mimi mwenyewe barua ya kunisifu, yeye akisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, kama hakimu.

“Andika. Huyu binti anatoka Wema. Anafanya kazi.”

“Nimeandika.”

“Andika, haibi.”

“Mzee, hiyo haiandikwi kwenye barua.”

“Kwani si kweli?”

Nikaandika haibi.

“Andika, analia upesi, lakini mkono inaendelea na kazi. Andika, akichoka anakuwa na mdomo.”

Kalamu yangu ilisita, kisha nikaandika kwamba nina bidii.

“Soma.”

Nikasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

“Mdomo iko wapi?”

“Mzee, nihurumie.”

“Wakisoma sifa tupu watajua umeandika mwenyewe. Weka mdomo.”

Nikaweka mdomo. Akapaka kidole gumba wino wa kalamu niliyoivunja, akakibandika chini ya karatasi, akakipuliza kikauke. Nilipofika Malindi, yule msimamizi aliisoma barua ile akiwa amesimama, akacheka mpaka akatafuta kiti.

“Na mdomo huo unao mpaka leo?”

“Nikichoka, ndiyo.”

Nilianza kazi siku hiyohiyo. Nilianza na ndoo na ufagio, nikapewa ghorofa moja, kisha stoo ya shuka, kisha ghorofa zote. Sasa mimi ndiye msimamizi wa vyumba, katika hoteli nyingine, na vyumba sivihesabu tena.

Nilikuwa nikisikia habari zake kwa mbali. Bi Mkubwa alifariki, lojingi ikauzwa, mzee akarudi kwa watu wake tambarare. Kisha ukaja mwaka ule ambao delta ya Tana iliumizana, watu wangu wa mashamba na watu wake wa ng'ombe, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Mimi nilizika binamu. Yeye pia alizika, sikuuliza wangapi. Mambo yalipotulia kidogo, wazee wa pande zote mbili waliitwa kwenye mkutano wa amani wa siku tatu, na mkutano ukawekwa hotelini kwetu.

Nilikuwa nimesimama mapokezi basi lilipowashusha. Walishuka wetu kwanza, kisha wao, na hawakuchanganyika. Wa mwisho kabisa alishuka taratibu, amekonda, ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Alinitazama, akatazama sare yangu, akatazama ukumbi wote mpaka darini, na alipofika mbele yangu akasema kwa sauti ya kawaida, kama tuliachana jana:

“Nimeletwa kulala.”

Nilimchukulia mfuko wake mimi mwenyewe, nikampita kijana wa mizigo.

Siku mbili za kwanza sikupata nafasi naye. Walikuwa ukumbini tangu asubuhi, na wakati wa chakula walikaa barazani, meza za wazee wetu upande wa kushoto, za wazee wao upande wa kulia, na katikati meza tatu tupu ambazo wahudumu waliendelea kuzitandika vitambaa kila siku ingawa hakuna aliyezitumia. Niliwapita nikiwaamkia wote, kushoto na kulia, na kila mara nilipoamkia kulia nilihisi macho ya kushoto mgongoni.

Alasiri ya siku ya tatu nilimkuta mzee amekaa peke yake kwenye mojawapo ya zile meza za katikati. Alikuwa ameagiza maziwa. Mbele yake nyasi zilishuka mpaka mchangani, na baada ya mchanga ilikuwa bahari, imetulia, rangi ya maziwa yenye buluu kidogo, haikuwa na mstari mahali inapokutana na mbingu.

“Habari za leo, Mzee?”

“Miaka kumi na moja nilifanya kazi hoteli ya bahari,” akasema, hakugeuka. “Bahari yenyewe niliona kwa dirisha tu, nikifunga pazia. Sisi tulikuwa tunaingia mlango ya nyuma, tunatoka mlango ya nyuma. Sikujua ni kubwa hivi.”

“Ni kubwa.”

“Kaa.”

Niliangalia pande zote. Meneja wangu alikuwa nyuma ya mlango wa kioo na wageni wake. Katika hoteli ile sare haikai na wageni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwonya msichana mmoja juma lililopita kwa kosa hilo. Kushoto, mzee mmoja wa Golbanti anayemjua baba yangu aliweka kikombe chini. Kulia, mazungumzo yalikatika.

“Mzee, niko kazini.”

“Kaa, binti.”

Nikavuta kiti, nikakaa.

Upepo ulitoka baharini ukapita juu ya vitambaa vya meza, ukavivimbisha, ukaviacha. Kisha akaisogeza bilauri ya maziwa kati yetu, nusu bado imejaa, akaizungusha polepole kwa vidole vyake virefu mpaka ule upande ambao hakuwa ameunywea ukanitazama mimi.

Nikanywa.

Nyuma yetu nikasikia kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya mawe, kikija mezani kwetu. Sikugeuka kuangalia kilitoka upande gani.